Jumapili Ambayo Mvua Haikuja Ukumbini

Juzi nilikwenda mjini Kericho kutazama watoto wa sekondari wakiigiza. Nilikaa mbele kabisa, mkoba magotini, nimevaa kama mtu anayekwenda harusini, kwa sababu mimi mchezo wa kuigiza siuendei na kandambili. Watoto walikuwa wazuri, siwezi kuwanyima haki yao. Kulikuwa na kijana mmoja mwenye sauti ya kukufanya ukae wima. Basi walipofika mahali penye utamu, mvua ya mawe ikaanza kupiga mabati, na unajua, rafiki yangu, mvua ya mawe ya Kericho haipigi hodi. Mara nikaona mwalimu wao anainua mkono. Watoto wakasimama. Wakaketi ukingoni mwa jukwaa, wakatoa simu zao, nasi watazamaji tukatoa zetu, tukangoja mvua imalize mambo yake ndipo mchezo uendelee.

Nilikasirika, wacha nikuambie ukweli. Nilimgeukia mama aliyekaa karibu nami, nisiyemjua hata jina, nikamwuliza tangu lini mvua ikanyamazisha wachezaji katika Kericho hii. Akanitazama, akasogea kidogo upande wa pili wa kiti chake. Sikumlaumu. Hakuwa mtu wa ukumbi wetu, angejuaje?

Ukumbi wetu ulikuwa ndani ya shamba kubwa la chai, kambini kwetu, mahali ambapo ukisimama mlangoni ulichokiona ni kijani tu mpaka macho yachoke. Lilikuwa jengo refu la mbao na mabati, bila dari. Jukwaa lilitengenezwa kwa mbao za masanduku ya zamani ya chai, kwa hivyo ukilala juu yake kuigiza maiti, na mimi nimekuwa maiti mara nyingi, pua ilijaa harufu ya majani makavu. Pazia lilikuwa aproni za wachumaji zilizochakaa, ambazo mama yangu aliziunga kwa sindano ya magunia. Walioujenga walitaka wafanyakazi waonyeshwe sinema za usafi: namna ya kunawa mikono, namna ya kuchimba choo. Watu walitazama, wakanawa mikono, kisha wakauliza kama hakuna kitu kingine.

Kitu kingine kililetwa na mwalimu. Alikuwa mtu wa Roret, mwembamba, mwalimu wa shule ya msingi ya kambi, na alikuwa na wazimu mmoja tu, nao ni michezo ya kuigiza. Mchezo wake wa kwanza, walivyosimulia wakubwa, uliuawa na mvua. Kwetu mvua huja alasiri, karibu kila siku ya Mungu, na Jumapili haipumziki. Iliwakuta wachezaji katikati ya maneno. Mabati yakanguruma, watu wakaona midomo inapanuka tu, wakaanza kuondoka mmoja mmoja. Mara ya pili ikawa vilevile. Mwalimu akawaambia wachezaji wapige kelele kuishinda mvua, wakapiga mpaka wakakaukiwa sauti, na Jumatatu asubuhi mmoja wao alipoitwa jina kazini hakuweza hata kuitika.

Ndipo mwalimu akaacha kushindana. Alikuwa akituambia: "Mvua ni mzee wa kambi hii. Mzee akiongea, wewe nyamaza, sema kwa mikono." Akaanza kutunga michezo yenye tumbo lisilo na maneno. Mwanzo ulikuwa na maneno, mwisho ulikuwa na maneno, lakini katikati, pale mvua ilipozoea kuja, hakuandika kitu. Hapo uliigiza kwa mabega, kwa shingo, kwa vidole. Mvua ikipungua, maneno yanarudi. Na alijua kuipima, mwalimu yule! Alitazama mawingu baada ya ibada, akatuambia tuanze saa ngapi, na mara nyingi tone la kwanza lilianguka tukiwa tunamaliza neno la mwisho.

Watu walipenda tumbo la mchezo kuliko kichwa na miguu yake. Kambi ilikuwa na sisi Wakipsigis, ilikuwa na watu waliotoka upande wa ziwani, na kila nyumba ilikuwa na Kiswahili chake, kingine kimechongoka, kingine kimepinda. Mvua ikianza, hakuna aliyekuwa mgeni. Kogo, ndivyo tunavyomwita nyanya kwetu, alikuja kuishi nasi kutoka Chebunyo, kwenye ng'ombe na jua, na Kiswahili chake kilikuwa salamu tupu. Mwanzo wa mchezo alisinzia waziwazi bila aibu. Mabati yakigonga tu, anafungua macho, anavuta shuka lake mabegani, anatangaza kwa Kikipsigis kwamba haya, sasa mchezo umeanza.

Nikizifikiria Jumapili zile, harufu ndiyo inayotangulia. Kiwanda kilikuwa kinakausha chai ng'ambo ya mto, na moshi wa kuni za mikaratusi ulishuka mpaka kambini. Sisi wasichana tulitoka kanisani tukavua viatu vya heshima, tukafagia ukumbi, tukapanga mabenchi, tukatega ndoo chini ya mabati yaliyotoboka. Mama alikaanga mandazi. Jirani yetu, mama mmoja wa kutoka ziwani aliyekuwa mchumaji hodari na mchezaji hodari zaidi, alituletea ugali na omena, dagaa wa kwao, kwenye sufuria iliyofunikwa kwa sahani, naye akarudishiwa sahani hiyo ikiwa na kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya kugandisha, juu yake, maana kwa kogo chombo cha mtu hakirudi kitupu. Halafu watu wakaingia na mahindi yao ya kuchoma. Mvua ilipokuwa ikinguruma, sisi tulio jukwaani tuliona midomo yao ikichezacheza gizani, tukajua wanatafuna.

Hata karani wa mizani alikuja. Huyu ndiye aliyepima majani, na hakuna mtu kambini aliyeogopwa kama yeye. Alichomoa jani moja gumu katikati ya kikapu kizima kama anayechomoa mwiba, akakutazama, akalitupa. Sikuwahi kumwona akicheka. Alisimama nyuma kabisa, karibu na mlango, koti limefungwa mpaka shingoni, na mchezo ukiisha alikuwa wa kwanza kutoka.

Sasa sikia. Nilipofika darasa la saba, asubuhi moja wakati wa kuita majina, watu walitangaziwa kwamba ghala la mbolea limeharibika na kwa hivyo ukumbi utafanywa ghala. Hivyo tu. Mama alirudi jioni akaweka kikapu chini, akakaa bila kuvua aproni. Mwalimu alivaa koti lake, lile la pekee, akaenda ofisini kwa meneja. Meneja hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa mgeni katika shamba lile, na mchezo wetu hakuwahi kuuona. Mwalimu alirudi na ahadi moja: Jumapili inayokuja meneja atakuja na wageni wake watazame mchezo mmoja. Akiona una maana, atafikiria. Akiona ni kelele za kupoteza wakati, mbolea inaingia Jumatatu.

Unaweza kucheka, ukumbi ni ukumbi tu. Lakini kambi haikuwa na kitu kingine chochote kilichokuwa chetu. Nyumba zilikuwa za shamba, chai ilikuwa ya shamba, hata ile miti ya kuni. Na mimi nilikuwa na shida yangu ya pekee: kwa mara ya kwanza nilikuwa nimepewa nafasi kubwa. Sikuwa maiti tena. Ukumbi ukifungwa, ningebaki msichana mrefu wa darasa la saba ambaye magoti yake yanagonga dawati.

Mchezo wenyewe ulikuwa hivi. Binti anaondoka nyumbani kwenda kufanya kazi za nyumba mjini. Baba anakufa, binti anaitwa, haji mazishini. Baada ya muda mrefu anarudi, anamkuta mama yake chaini. Hapo ndipo tumbo lilipoanzia. Mama hamsemeshi. Binti anachukua kikapu, anaingia mstari wa pili, na wote wawili wanachuma bega kwa bega bila neno. Kikapu cha binti hakijai, mikono imesahau kazi. Mwishowe mama anatupa konzi la majani katika kikapu cha binti. Kila mchumaji anajua maana yake: mwenzako akiwa na kikapu chepesi, humuulizi, unamtupia konzi lako na kazi inaendelea. Jirani yetu alikuwa mama, mimi nilikuwa binti. Kufundishwa kuchuma sikuhitaji, nilihitaji kufundishwa kuchuma vibaya.

Tulijitayarisha wiki nzima, na hapo ndipo tulipofanya kosa ambalo ni watu wa kwetu tu wangeweza kulifanya. Tulikumbuka kila kitu. Tulisugua mabenchi, tukaazima viti vya kanisa kwa ajili ya wageni, tukafua pazia. Ila hakuna hata mmoja, kuanzia mwalimu mpaka mtoto wa mwisho, aliyejiuliza itakuwaje mvua isipokuja. Ilikuwa Mei! Nani Kericho anajiuliza swali kama hilo?

Jumapili ile jua liliwaka kama la Chebunyo. Kogo peke yake ndiye aliyefurahi, akasema leo mifupa yake imefika nyumbani. Mwalimu alikuwa akitoka nje, anatazama juu, anaingia, anatoka tena. Meneja alikuja na wageni wake, akina mama na akina baba wenye viatu visivyo na tope, wakakalia viti vya kanisa. Tukaanza, maana wageni hawawekwi wakingoja. Jirani alijua la kufanya, akavuta mwanzo kama ugali wa kugawia watu wengi. Alinung'unikia moto, alisalimia kuku, alimwombea marehemu sala iliyopita kila mpaka, ndefu kuliko ya pasta. Mimi nikaaga nyumbani, nikarudi kuaga tena. Lakini maneno yana mwisho. Tulifika pale yalipokatikia, tukainua vikapu, na juu ya mabati kulikuwa na ndege wawili tu wakitembea.

Sijawahi kusikia kimya kama kile. Nilisikia aproni yangu ikikwaruza. Nilisikia kiti cha mgeni kikilia. Mgeni mmoja alimwinamia mwenzake akauliza kama mchezo umekwisha au wachezaji wamesahau, na nilisikia kila neno. Meneja alitazama saa yake. Nikamtazama jirani, naye alikuwa anachuma tu, macho kwenye chai, chai yenyewe haipo. Nilitaka sakafu ile ya masanduku inimeze.

Ndipo kutoka benchi la pili mama mmoja wa ziwani akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa ya kuongea, "Nyathina, umekonda hivi?" Nyathina ni mwanangu, kwa lugha yao. Aliposikia sauti yake mwenyewe ukumbini alishtuka, akafunika mdomo. Alikuwa amesahau kwamba hakuna mvua.

Nyuma yake mama wa Kikipsigis hakuweza kunyamaza. Akasema asiambiwe amekonda, aulizwe kwanza alikuwa wapi. Mzee mmoja akadakia kwamba baba alimwita mpaka pumzi ikamwisha. Mwingine akasema mwacheni mtoto ale kwanza, kesi haziliwi. Na hapo, rafiki yangu, nikiwa nimesimama na kikapu kitupu, nikaelewa. Kumbe hawakuwa wakitafuna! Miaka yote ile, mvua ikinguruma, kila mtu pale ukumbini alikuwa akiutilia mchezo maneno yake mwenyewe, kwa lugha yake, kwa sauti, na hakuna aliyewahi kumsikia mwenzake. Kila Jumapili kulikuwa na michezo mingi mle ndani kama watu waliokuwemo.

Basi ukumbi ukafunguka. Walimsemea mama, walibishana, mmoja alimfukuza binti na mwingine akamrudisha kabla sijapiga hatua. Kina mama waliokaa benchi moja kila juma waligundua hawajawahi kukubaliana. Wageni wakageuza viti vyao nusu, hawajui watazame mbele au nyuma. Jirani akawa sasa anachuma kwa kuwasikiliza: wakisema maneno makali mkono wake unakata shina, wakilainika vidole vinalainika. Nikamfuata. Hatukuwahi kuigiza vizuri namna ile.

Lakini wote walimsemea mama. Ilipofika zamu ya binti kujibu, pale ninapoacha kuchuma na kumgeukia, ukumbi ulinyamaza. Hakuna aliyekuwa na neno la mtoto ambaye hakuja kumzika baba yake. Ungesema nini? Nilisimama mikono wazi, nikahesabu pumzi zangu, nikaona meneja naye ameinama mbele anangoja.

Sauti ilitoka mlangoni. "Mama, si wewe niliyekuogopa. Niliogopa kuliona kaburi. Nikiliona, basi baba amekufa kweli."

Watu waligeuka wote pamoja. Alikuwa karani wa mizani. Alikuwa ameshika kofia yake kwa mikono miwili na haonekani kama amejua kwamba amesema kwa sauti. Hakuna aliyemcheka. Sikujua habari za nyumbani kwao, na sikuzijua hata baadaye, lakini siku ile alinipa maneno ambayo hata mwalimu hangeyatunga, na mpaka leo nayaona kuwa yangu.

Jirani alipaswa kunitupia konzi moja. Alichota kwa mikono yote miwili, akachota tena, akachota tena, machozi yanamtoka waziwazi, akanijazia kikapu majani yasiyoonekana mpaka nikahisi kamba zinavuta mabega. Nililia na mimi, si kwa kuigiza. Maneno ya mwisho wa mchezo tuliyasahau yote na hakuna aliyeyadai.

Meneja alisimama. Ukumbi ukatulia, watu wakakumbuka kilichowaleta. Alimwita mwalimu mbele, akamwuliza maneno yale ya katikati yameandikwa wapi, angependa kuyasoma. Mwalimu alisema hayajaandikwa popote, bwana, hata yeye ameyasikia leo. Meneja akawatazama wachumaji wake benchi kwa benchi. Kisha akasema, "Mbolea itatafutiwa mahali pengine."

Kelele zilizopigwa pale, mvua ya mawe ya Kericho haijawahi kuzipata! Kina mama walimbeba mwalimu na koti lake mpaka nje. Mama yangu alinikumbatia na kikapu changu, hakikuwa na kitu ndani lakini hakuna aliyethubutu kukiinamisha. Kogo peke yake alitoka amenuna. Alisema alikuwa na maneno mazuri kuliko yote, ila watu wa kambi hii hawana adabu ya kumpisha mzee. Tulipokuwa tukicheza ngoma mlangoni, ndipo mvua ikaja, imechelewa, na watu wakaitukana kwa mapenzi, kila mmoja kwa lugha yake.

Tangu siku ile mwalimu hakulijaza tumbo la mchezo, mvua ije isije. Aliliachia watu. Tulialikwa Roret, wakabishana na sisi mpaka jua likazama. Tulikwenda Chebunyo, kwenye nchi kavu, wakatuuliza kwanza kama tumesahau maneno, na kabla hatujaondoka walikuwa wametupa maneno ya kutosha michezo mitatu. Kogo alikaa mbele kabisa huko kwao, na safari hiyo nafasi alipewa, tena hakuiachia. Jirani alijulikana sokoni hata na watu asiowajua, wakimwita mama wa binti. Wachumaji, rafiki yangu. Watu wa kuamka na umande. Hakukuwa na ukumbi mwingine milima ile yote uliofanya kama wetu, na nikijisifu niache nijisifu.

Sasa haupo. Mashine za kuchuma zilikuja, moja inafanya kazi ya watu wengi, na kambi ikapungua nyumba kwa nyumba. Jirani alirudi ziwani, karani wa mizani aliondoka na hakuaga, kogo tulimzika Chebunyo. Mabati yalitolewa, mbao zikaoza zenyewe. Nilipopita mara ya mwisho nilikanyaga mahali ambapo jukwaa lilikuwa, nikakuta ni majani ya ng'ombe. Sikulia. Jumba lile halikushindwa na mtu. Lilikaa mpaka watu wake wakaisha, na mbolea haikuingia mle hata gunia moja.

Mwaka jana tulimzika mwalimu, nyumbani kwao Roret. Watu wa kambi walikuja kutoka kila pembe, wengine na fimbo, wengine wakishikwa mkono na wajukuu, na jirani alisafiri kutoka ziwani akiwa na magoti mabovu na sauti ileile. Pasta alikuwa kijana mdogo, hakumjua marehemu vizuri. Jeneza lilipokuwa tayari kushushwa, alituomba tuinamishe vichwa, tumpe mwalimu dakika moja ya kimya.

Tuliinamisha vichwa. Haikupita hata nusu ya dakika. Kwanza nilisikia mtu nyuma yangu anasema kitu kwa Kijaluo, polepole. Kisha kwa Kikipsigis, upande wa kina mama. Kisha Kiswahili, kilichopinda na kilichochongoka, kikatanda kaburini kote, kila mmoja anamsemea mwalimu alivyojua yeye, hakuna anayemsubiri mwenzake, na mimi nikiwemo, nikisema kwa sauti kuliko wote. Pasta alifungua macho, akatutazama, akafunga kitabu chake, akangoja mpaka tukamaliza.